Risasi Isiyotoboa

Dada yangu ana risasi ndani ya damu yake, na hakuna mtu aliyewahi kumpiga risasi. Nimeiandika sentensi hii kama daktari alivyotuambia, bila kuongeza kitu, kwa sababu tangu siku ile nimeirudia mbele ya watu wengi na kila mmoja ameondoka na hadithi yake.

Tulikuwa hospitalini, mjini Dodoma. Daktari alikuwa ametuita ndani, akatuonyesha majibu, akasema kiwango hicho ni kikubwa kwa mtu yeyote na ni kibaya zaidi kwa mwanamke mwenye mimba. Kisha akatupa faili tulipeleke dirishani. Muuguzi akasoma, akainua macho, akamtazama dada kuanzia kilemba hadi viatu.

"Mgonjwa wa risasi ni nani?"

"Mimi," dada akasema.

"Wewe? Na unatembea?" Akageuza ukurasa. "PF3 iko wapi? Majeruhi wa risasi hapokelewi hapa bila fomu ya polisi."

Korido nzima ikageuka. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha alisimama, akahamia benchi la mbali. Dada akaanza kujitetea kwamba hajapigana na mtu, jambo lililofanya watu wazidi kutega masikio. Ilibidi daktari mwenyewe atoke.

"Sista, siyo risasi ya bunduki. Ni madini. Yale yaliyomo kwenye betri za magari."

"Sasa si mngeandika betri!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijaiona sehemu ya kuchekesha.

Lugha yetu imeyapa jina moja yale madini laini ya kijivu na kile kinachotoka kwenye mtutu. Kwa kawaida hilo halimsumbui mtu. Kwa dada yangu vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja, kimelala kwenye meza ya jikoni, kando ya ungo wa mchele.

Shemeji yangu ni mfanyabiashara wa nafaka Majengo. Ana duka mbele na nyumba nyuma, na katikati kuna ua mdogo wenye jiko la mkaa. Miaka kadhaa iliyopita mfanyabiashara mwenzake alivamiwa akifunga duka, na baada ya hapo shemeji akaomba kibali cha kumiliki bastola, akapewa. Bastola ilikuwa halali. Tatizo lilianza na risasi zake, ambazo huuzwa kwa kibali na kwa idadi, naye akataka za kuchezea. Siku za mapumziko alikuwa akienda porini upande wa Kongwa na rafiki zake wawili, wanapanga madebe ya mafuta juu ya kichuguu na kuyalenga. Huo ndio ujambazi pekee ambao bastola ile imewahi kuuzuia: wa madebe.

Basi akaanza kuzitengeneza nyumbani. Sitaeleza kazi yote, kwanza kwa sababu ni kosa kisheria, pili kwa sababu mimi niliiona sehemu moja tu, ile iliyofanyika jikoni. Risasi alizokuwa akiyeyusha zilitoka kwenye kalibu alimozimimina zikiwa nene kidogo kuliko mtutu, kwa unene ambao jicho halioni. Fundi wa kukereza vyuma alimtengenezea pete nzito ya chuma, na kila risasi ilipaswa kusukumwa ipite humo. Iliyopita ilikuwa saizi yake. Iliyogoma aliishika kwa koleo na kuipiga tupa, kidogo kidogo, huku akipuliza unga wake kwa mdomo.

Unga ule ulikwenda wapi? Hakuna aliyeuliza. Anayeijua Dodoma wakati wa kiangazi anajua upepo wake unavyoingia uani, unavyozunguka, na unavyoacha vumbi kwenye kila chombo kilichoachwa wazi.

"Risasi ya dukani ni ya kila mtu," aliniambia siku moja nilipowatembelea, akiizungusha moja mbele ya uso wangu. "Hii nimeishona mimi. Kama kanzu, shemeji. Inaingia kwenye mtutu bila kubana wala kupwaya."

"Na hii harufu?"

"Harufu ya kazi hiyo."

Dada ndiye aliyezipaka nta. Risasi haipiti kwenye pete bila kulainishwa, na vidole vya shemeji ni vinene, kwa hiyo alimwita mkewe. Alikaa upande wa pili wa meza, akaichukua kila moja, akaisugua nta kwa ncha za vidole kama mtu anayepaka mtoto mafuta, akamrudishia. Halafu alijifuta kwenye khanga na kuendelea kuchambua mchele. Nilimuona kwa macho yangu, na nitasema pia nilichokiona usoni mwake: alikuwa na furaha. Shemeji ni mtu wa dukani, simu haitoki sikioni. Mchana ule wa kazi ya risasi ndio pekee aliokaa na mkewe, akamtania, akamwita fundi mwenzake.

Wakati huohuo mimba zilikuwa zinatoka. Ya kwanza ilitoka, ikasemwa ni bahati mbaya. Ya pili ilitoka ikiwa kubwa kabisa, na hapo bahati mbaya ikapata jina, nalo likawa jina la dada yangu. Mama mkwe wake alisema ana mkosi. Baadaye ikawa jini. Akasomewa dua, akafukizwa, akanyweshwa vikombe vya vitu ambavyo hakuambiwa ni nini. Tumbo likamkaza, akawa hawezi kwenda chooni, mikono ikakosa nguvu hata ya kukamua khanga, na kila dalili ikahesabiwa kuwa ushahidi wa jini. Kaka mmoja wa shemeji alisema mbele yangu kwamba shamba lisilozaa mtu halipigi moto, anafungua jingine. Alidhani ni hekima. Nilimuuliza kama naye huwa anapimwa kwa magunia, akaondoka.

Mimba ya tatu ilipoingia nikamchukua dada kwangu, Mtumba, ninakofanya kazi ya kuandika taarifa katika ofisi moja ya serikali. Nikampeleka hospitali, akakutana na daktari yule, ambaye alimtazama ufizi, akamwambia anyooshe mikono mbele, kisha akaanza kuuliza maswali ambayo hatukuyategemea. Nyumbani kuna mtu anatengeneza betri? Anachomea vyuma? Mnapaka rangi? Wewe mwenyewe unapaka wanja, na unautoa wapi?

"Mume wangu anatengeneza risasi," dada akasema, kwa heshima, kama anayetaja kazi ya mumewe kwenye sherehe.

Daktari akaweka kalamu chini.

Siku majibu yalipotoka, baada ya ile aibu ya dirishani, daktari alieleza taratibu. Madini haya humfikia mtoto tumboni. Inawezekana ndiyo yaliyoharibu zile mimba mbili, inawezekana siyo, hana namna ya kuthibitisha. Anachojua ni kwamba mama lazima akae mbali na chanzo, na mbali maana yake si chumba cha pili.

Nilimpigia simu mama mkwe nikiwa bado getini. Nikasema polepole, kwa ufasaha wangu wote wa ofisini: amekutwa na risasi mwilini. Hilo ndilo alilolisikia, na alilisikia akiwa sokoni.

Hadi jioni, Majengo ilikuwa inajua kwamba shemeji amempiga mkewe risasi.

Kikao kikaitishwa siku ya pili, sebuleni kwa mama mkwe. Upande wetu alikuja baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, aliyepanda basi asubuhi kutoka Kongwa. Dada alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Nilisalimia, shikamoo zikaitikiwa, nikajiandaa kueleza habari za damu, za unga wa tupa, za maziwa na chakula alichoagizwa na daktari. Nilikuwa nimezipanga kichwani moja baada ya nyingine. Sikufika hata ya kwanza.

"Mwanangu amekuwa muuaji," mama mkwe alianza. "Nimekwenda kununua vitunguu, muuza vitunguu ananiambia pole mama, risasi wameshaitoa? Pole! Mimi nimeishi, nimeona watu. Risasi ikiingia mwilini inatoboa. Huyu ametobolewa wapi? Atuonyeshe!"

"Mama, ni madini," nikasema. "Yanaingia kwa mdomo na kwa pumzi."

"Sasa mwanamke mzima anakulaje risasi?"

Mtu akacheka. Dada akainamisha kichwa.

Shemeji alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Hakumtazama mkewe. Alinigeukia mimi, kwa sauti ya mtu anayeomba jambo dogo.

"Shemeji, wewe ndiye msomi wetu. Tuandikie ujumbe mmoja mzuri, tuuweke kwenye kundi la familia na lile la wafanyabiashara. Useme ni wanja."

"Wanja?"

"Daktari si aliuliza habari za wanja? Dada yako anapaka tangu nimemuoa. Ni wanja huo, wa kienyeji. Mambo ya meza ya jikoni yasiguswe, unajua serikali itakavyoyachukulia."

Hapo ndipo nilipokasirika kwa namna ambayo bado haijaniisha. Kwa miaka yote kosa lilikuwa la tumbo lake, kisha la jini lake, na sasa kosa lililokuwa na tupa na pete na fundi wake lilikuwa linahamishiwa kwenye kope zake. Na kilichowakusanya watu wazima wale hakikuwa mtoto aliye tumboni. Lilikuwa jina la mtu sokoni.

"Wanja huo napaka na mimi," nikasema. "Kichupa ni kimoja, tunagawana tangu tukiwa wasichana."

"Basi na wewe kapime!" Akawageukia wanaume, wakacheka wote.

Nilimtazama baba mkubwa, nikisubiri. Alikohoa, akasema maneno ambayo ningependa kuyasahau: "Tusafishe kwanza jina la nyumba, binti yangu. Ugonjwa tutauona taratibu."

Sikuandika ujumbe ule. Kesho yake nilirudi hospitali na dada, nikamweleza daktari nilichoambiwa kwa kejeli, nikakunja mkono wa gauni. Akatoa damu yangu, na siku hiyohiyo akatoa ya dada kwa mara ya pili, kuona kama kiwango kinashuka tangu aje kwangu. Sampuli husafirishwa hadi Dar es Salaam. Ikiwa yangu ni safi, wanja hauna kesi. Ikiwa si safi, nitalisema hilo pia, kwa sauti ileile.

Kwangu dada amepata nafuu kidogo. Anakula, tumbo halimkazi kama awali. Lakini simu za mama mkwe haziishi. Jiko limesafishwa, anasema, sakafu imepigwa deki kwa maji ya moto, meza imetolewa. Nilimuuliza shemeji vyombo vyake vya risasi amevipeleka wapi.

"Viko salama."

"Salama wapi? Bado vipo nyumbani?"

"Shemeji, hayo mengine ni mambo ya wanaume."

Nimemwambia dada akae hapa mpaka ajifungue. Nimemwambia kwa upole, halafu kwa ukali. Juzi aliniitikia bila kuacha kukunja nguo.

"Mdogo wangu, nikikaa kwako mpaka nijifungue, nitarudi nikute mwenzangu ameshaolewa."

"Na ukirudi ukampoteza huyu?"

"Niambie wewe basi. Nimpoteze yupi?"



Leo nimepiga simu maabara. Ya kwangu bado, ya dada bado, sauti ya upande wa pili imeniambia nijaribu tena wiki ijayo. Shemeji ametuma ujumbe kwamba gari la kumchukua linakuja kesho asubuhi, na dada amemjibu sawa.