Farasi Aliyetoka Mega

Kivuva wa Ndolo alikuwa saisi, mtunza farasi, katika ranchi ya Mzungu mmoja upande wa Emali, tangu ujana wake mpaka mwaka wa Uhuru. Ranchi ilipouzwa, yule Mzungu hakutaka farasi wake waende kuteswa na watu asiowajua. Alichukua bunduki, akamwambia Kivuva awashike hatamu mmoja mmoja nyuma ya zizi. Kivuva akawashika. Walisimama kimya kwa sababu ni yeye aliyewashika, na hilo ndilo lililomkaa rohoni. Mkewe Ndila alisema kwamba kwa muda mrefu baadaye mumewe alikuwa akinawa mikono hata wakati si wa kula.

Wakarudi kwenye shamba lao dogo la mbaazi na mahindi. Hawakujaliwa watoto. Halafu Ndila akashikwa na ugonjwa wa viungo. Magoti yalivimba mpaka akawa hawezi kutembea kwenda mtoni, wala kanisani, wala kwa mama yake kule Kikima, milimani. Kivuva alijaribu kumbeba kwa baiskeli, wakaanguka. Akampandisha punda wao wa maji, lakini punda ana hatua fupi za kukatakata, na kila alipokanyaga jiwe Ndila aliuma kitambaa chake cha kichwa asipige kelele.

Vita vya mashifta, wale waasi wa kaskazini, vilikuwa vimeisha miaka michache nyuma, na barabara ya kaskazini ilikuwa imefunguka. Jabiri, mfanyabiashara wa Kitui mjini ambaye babu zake walitoka pwani, alikuwa akipeleka lori la bidhaa mpaka Moyale. Siku moja alipumzika Emali, akasimulia kwamba ng'ambo ya mpaka, kwa Waborana wa Ethiopia, farasi ni wengi kama mbuzi. Kivuva alienda nyumbani bila kumaliza chai yake.

Aliuza ng'ombe wake wawili wa plau. Majirani walicheka, na Kiilu, aliyepakana naye shamba, alimwambia wazi kwamba farasi ni kitu cha Wazungu na polisi. Ndila hakucheka. Aliuliza tu watalima na nini.

"Na jembe," Kivuva akasema. "Mimi nitalima. Wewe utaenda kanisani."

Soko la Mega, ng'ambo ya mpaka, liko juu, mahali pa baridi, na Kivuva alizunguka humo asubuhi nzima, Jabiri akimtafsiria. Walimletea dume jeusi linaloruka, akalikataa. Walimletea wa kijivu mwenye sura nzuri, lakini alipoinua mguu wake akaona ukwato umepasuka. Mwishowe alimwona jike la hudhurungi limesimama na mzee mmoja kando ya watu, si changa, tumbo pana, macho matulivu. Alimpapasa miguu, akamtazama meno. Kisha akaomba kibuyu cha maziwa, kijae mpaka mdomoni, akapanda nacho mkononi na kwenda naye polepole juu ya mawe. Watu waliacha biashara zao wakaangalia. Aliporudi, maziwa yalikuwa bado yamejaa, na mkono wake ulikuwa mkavu.

Mzee mwenye farasi aliuliza anampeleka kwa kazi gani. Kivuva akaeleza habari ya magoti ya mkewe. Mzee alipokea fedha, akamfunga farasi hatamu yeye mwenyewe, akaondoka bila kugeuka.

Moyale walizuiwa siku nyingi, maana mnyama wa nchi nyingine haingii hivihivi. Daktari wa mifugo alimpima, akatoa kibali, kisha akamvuta Kivuva kando. Alimwambia kwamba kuna ugonjwa wa farasi unaoletwa na vidudu vidogo vya mvua. Huku juu kwenye baridi ni vichache, lakini kule kwao chini vitamjia. Achanjwe kabla ya mvua, na jua likianza kushuka afungiwe ndani. Kivuva alisafiri nyuma ya lori mpaka Emali, amesimama karibu na kichwa cha farasi, ili lori likiyumba farasi amwegemee.

Ndila ndiye aliyempa jina, Mwende, yaani mpendwa. Majirani walishangaa mnyama kupewa jina la mtu. Hawakujua kwamba hilo ndilo jina walilokuwa wamemwekea binti ambaye hakuzaliwa.

Jumapili ya kwanza Ndila alifika kanisani amekaa juu ya tandiko la magunia, Kivuva akiongoza kwa miguu. Wanawake walimpokea wakiimba. Baadaye wakapanda polepole mpaka Kikima. Mama yake, ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia, alimpapasa farasi kwanza, halafu bintiye, halafu akakaa chini akalia.

Kivuva alienda ofisi ya mifugo mara mbili kutafuta chanjo, akaambiwa imekwisha, arudi mwezi ujao. Mvua haikungoja mwezi ujao. Ilinyesha mapema na kwa nguvu, mabonde yakasimama maji. Kila jioni alimfungia Mwende ndani ya kibanda, akawasha kinyesi cha ng'ombe ili moshi ufukuze vidudu, akakaa naye macho yakimchuruzika.

Hata hivyo, asubuhi moja Mwende hakula. Juu ya macho palivimba. Kufikia adhuhuri alikuwa akihema kama amepanda mlima, na povu jeupe likamtoka puani, likazidi kila Kivuva alipolifuta. Ndila alijikokota kutoka nyumbani mpaka kibandani, akakaa matopeni. Farasi alianguka upande wake. Kivuva alikuwa ameshika hatamu.

"Iachilie, mzee," Ndila akamwambia. "Amekwenda."

Hakuiachilia upesi. Kiilu alikuja kuuliza habari ya ngozi, kwa kuwa ngozi nzuri haizikwi. Alipomwona Kivuva alivyokaa, aliondoka, akarudi na jembe, wakachimba pamoja mpaka giza.

Jabiri aliposikia alikuja, akajitolea kumpeleka tena Mega bila malipo. Kivuva alimshukuru sana, akakataa. Alisema hatamleta farasi mwingine aje kufa mbali na kwao.

Ndila hakufika Kikima tena. Mama yake alipofariki, Kivuva alienda mazishini peke yake, akarudi siku ya pili amechoka. Alikaa kitandani kando ya mkewe, akamweleza nani walikuwepo, mchungaji alisema nini, nyimbo gani ziliimbwa. Ndila alisikiliza yote, kisha akauliza kama kaburi liko kwenye kivuli.

Kivuva alisema ndiyo. Halikuwa kwenye kivuli.