Tonge la Kuonjea Pipa

Pipa la zamani la mama yangu lilitoboka chini mwanzoni mwa kiangazi, makaa yakawa yanamdondokea miguuni. Ndilo alilokuwa akikaushia samaki uani kwetu Mutakura miaka yote tangu tulipovuka mpaka kutoka Uvira. Wateja walimfuata hata kutoka Rohero, wakisema sangala wake anakolea moshi bila kuwa mkali. Nikamwambia nitamletea pipa lingine. Kusema kweli nilisema hivyo ili anyamaze. Mimi husimama kutwa nzima nyuma ya kaunta ya duka la dawa mjini, na siku zile mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana, mabasi nayo yamepotea, basi kila jioni nilifika nyumbani kwa miguu na kupokewa na habari za pipa kabla ya kuvua viatu.

Nikaenda Buyenzi, mtaa wa mafundi. Kule mapipa yapo, lakini mengi yameshabeba mafuta au dawa ambazo hata muuzaji hazijui. Nikajiona mjanja, nikachagua jipya kabisa, buluu kwa nje, na ndani limepakwa rangi nyekundu ya tofali. Fundi wa kuchomelea alilikata mlango wa kuni, akatoboa matundu ya hewa na kuweka vyuma vya kushikilia wavu. Alipomaliza aliingiza kichwa ndani, akakitoa upesi.

"Dada, hii rangi ya ndani utaiunguza sana."

"Lakini ni mupya," nikamjibu.

"Njo maana," akasema, yaani upya wake ndio tatizo.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilitembea nyuma ya mkokoteni hadi Mutakura nikiwa nimefurahi kidogo, na wiki ile sikuwa nimefurahia kitu kingine.

Mama hakufurahi. Alikwaruza rangi kwa ukucha, akatikisa kichwa. "Pipa ya mafuta unaiunguza mara moja, inasahau. Hii ya rangi iko na kichwa kigumu. Lakini umeshaleta. Tafuta kuni."

Jumamosi, siku yangu pekee ya kulala, nikajaza pipa mabaki ya mbao na mikaratusi, nikawasha. Rangi ilivimba, ikapasuka, ikaanza kutoa moshi wa manjano uliochoma koo. Jirani alipaza sauti nyuma ya ukuta kwamba nguo zake ziko kwenye kamba, na je, tunachoma mipira ya gari?

"Ni chakula! Kuja tukule!" mama akamjibu, na ukuta ukanyamaza.

Moto ulipozimika nikaingia ndani ya pipa hadi kiunoni, nikalisugua kwa brashi ya waya na mchanga mpaka mabega yakakataa. Nikawasha tena. Nikasugua tena. Kisha nikalipaka mawese ndani kote na kulifunika juu ya moto mdogo ili chuma kinywe mafuta. Mama alikaa kwenye kigoda akinituma huku na huku. Zamani angenisukuma pembeni na kuingiza pua yake mwenyewe ndani ya pipa, maana alikuwa hamwamini mtu kwa jambo la harufu. Safari hii hakuinuka. Nikadhani ni magoti, na nikanung'unika moyoni kwamba magoti yake yana bahati.

Kuna kazi moja ya mwisho kabla ya samaki kuingia katika pipa jipya. Mama alifundishwa na mama yake. Unaweka tonge la ugali wa muhogo juu ya wavu, unafunika, unaliacha lipigwe na moshi. Ugali hauna ladha yake mwenyewe, kwa hiyo unapokea chochote kilichomo ndani. Ukionja ukakuta moshi mtupu, pipa limeiva. Ukikuta kingine, rudia moto.

Jumapili baada ya misa tukalitoa tonge, tukaligawana. Muuza samaki alikuwa ameagizwa alete beseni zima alfajiri ya kesho yake. Nilitia kipande mdomoni. Kilikuwa kichungu, kama kulamba mlango uliopakwa rangi jana. Nikageukia ukuta kwa adabu, nikatema kiganjani, nikafuta mdomo. Niliogopa kumwonyesha, nisije nikamvunja moyo kabla hajaonja.

Nilipogeuka, mama alikuwa anatafuna. Akameza. Akamega kingine.

"Iko muzuri," akasema. "Kesho tunatia samaki."

Kwanza nilidhani ananitania. Kisha nikakumbuka maharagwe yaliyoungua jikoni naye amekaa hatua tatu tu kutoka kwenye sufuria, na maziwa yaliyochacha aliyotutilia kwenye chai, nami nikamgombeza kwamba siku hizi hayuko makini. Nikinyamaza, sangala wa kesho wangefika mezani kwa watu na uchungu ule, na jina lake lingeishia hapo. Nikisema, mimi ndiye ningekuwa wa kumwambia kwamba pua iliyotulisha wote imekufa. Nilikuwa nimechoka hata kuchagua. Lakini aliponyoosha mkono kuchukua kipande cha tatu, nikakipiga kikaanguka.

"Mama, acha. Iko na rangi."

Alitema alichokuwa nacho mdomoni, akakitazama.

"Sana?"

"Sana."

"Tangu ile ugonjwa ya mwaka jana sisikiaka kitu. Moshi, chumvi, hata sabuni. Naangaliaka sura zenu tu. Mukikunja sura, najua. Mukiongeza chakula, najua." Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Leo uligeuka. Nikasema, basi, kama iko mubaya angenionyesha."

Nililia pale pale, mikono imejaa masizi, na nilimkasirikia vilevile kwa kutuficha. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, nikamwambia. Akanijibu kwamba kifo kingesubiri, kwanza niongeze kuni.

Muuza samaki tulimwomba asubiri siku moja. Tukaunguza mara ya tatu jioni ile ile, moto mkubwa kuliko yote, hadi chuma kikabaki kijivu kitupu, ndipo nikakipaka mawese upya. Jumatatu nilitembea tena kutoka mjini kwenye vumbi na kukuta tonge jipya limeshapigwa moshi, linanisubiri kwenye sahani. Mama alikuwa ameweka kigoda chake mbele ya changu, magoti yetu yakigusana.

"Usigeuke," akasema.

Nikatafuna polepole, uso wangu nimemwachia. Ulikuwa moshi mtupu, na chumvi kidogo ya jasho langu mwenyewe. Alinitazama mdomo, akanitazama paji, akaona kitu pale kilichomtia wasiwasi.

"Hiyo ni rangi, ama ni kuchoka?"

"Ni kuchoka, mama."

Akanitazama tena, muda mrefu, kuhakikisha. Kisha akachukua nusu yake, akala.