Safari Tuliyomficha Mama Jirani

Kumkatia mama yangu tiketi ya ndege kulinichukua majuma sita, na katika majuma hayo yote hakuna aliyejua ila mimi na yeye. Nilijisifu kwa hilo. Nilitembea mtaani kwetu Tena, hapa Nairobi, kifua mbele, nikiwasalimia watu huku nikijiambia moyoni: hawa hawajui lolote.

Sikuzaliwa msiri. Nilipokuwa kijana nilipata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, na mtaa mzima ukaniaga. Hema lilisimamishwa, mbuzi wawili wakachinjwa, mchungaji akaniwekea mikono kichwani, na mzee mmoja wa kanisa akanivua koti langu jepesi akanivika lake zito la baridi. Wiki mbili baadaye nikanyimwa viza. Mzee wa watu hakuwahi kuliulizia koti lake, ila kila Jumapili alilitazama. Jina langu nalo likawa Majuu, yaani ng'ambo. "Niaje Majuu, ndege ilikuwacha?" vijana waliniuliza kila asubuhi nikienda kutafuta vibarua Industrial Area. Leo nina mvi, ni karani wa stoo, na bado kuna watu wazima pale mtaa wa Umoja wanaoniita Majuu bila hata kukumbuka kisa.

Basi nikashika somo ambalo watu wa kwetu wote wanalijua: safari haitangazwi. Ukipata kazi, nyamaza. Ukinunua ploti, nyamaza. Ukienda majuu, watu waone picha ukishafika. Hatusemi kwamba jirani ni mchawi, la. Tunasema tu kwamba macho ni mengi.

Mama alitaka kuona Efeso. Alikuwa amelisikia jina hilo kanisani tangu utotoni huko Murang'a, na siku moja nilipomwambia kwamba mji wenyewe bado upo, magofu yake yapo Uturuki na watu huenda kuyatembelea kwa tiketi, aliacha kuchambua mboga. "Kumbe ni mahali pa kweli?" Akapangusa mikono. "Tutaenda na Mama Jirani," akasema.

Mama Jirani alikuwa mwanamke wa nyumba iliyopakana na yetu. Alitoka Vihiga, alikuwa karani wa kaunti kabla ya kustaafu, na mumewe alifariki mwaka mmoja na baba yangu. Kati ya jiko letu na lake kulikuwa na ukuta wa uani, na kwenye ukuta huo kulikuwa na tundu la ukubwa wa tofali moja ambalo waume zao walilitoboa zamani ili kupitisha mpira wa maji. Maji ya bomba yalipokuwa ya kawaida, tundu likabaki kuwa la mabakuli. Githeri ilienda kule, mrenda ukaja huku. Na bakuli halikurudi tupu hata siku moja. Ukiletewa chakula, unaosha bakuli, unalikalisha mpaka upate cha kutia, hata kama ni nyanya mbili. Kwa miaka zaidi ya thelathini mabakuli yale yalizunguka hivyo, hata ikawa hakuna anayejua lipi ni la nani.

Huyo ndiye mtu niliyemwambia mama yangu asimwambie.

"Huyo si mtu wa kufichwa," Mama alisema.

"Mama, akijua yeye, binti yake atajua. Binti yake akijua, saluni nzima imejua. Unataka nikae tena na koti la mtu?"

 Mama alikuwepo siku ile niliponyimwa viza nikarudi na lile koti mkononi. Yeye ndiye aliyelitundika. "Haya," akasema. "Lakini akija kwangu sitamdanganya. Utamdanganya wewe."

Nilianza kutafuta ndege. Sikuitumia saiba ya mtaani kwetu, lile duka la intaneti, kwa sababu mwenye saiba anasoma kila anachokiprinti. Nilienda moja ya Umoja, saa ya chakula cha mchana, nikakaa kwenye kompyuta ya mwisho kabisa, mgongo ukutani. Nikajifunza mambo ambayo sikuwahi kuwaza kuwa yapo. Kwamba ndege ileile, kiti kilekile, kina bei ya Jumanne na bei ya Ijumaa. Kwamba kuna tiketi inayokuruhusu kubadilisha siku na nyingine isiyokuruhusu hata ukifiwa. Kwamba ukiunganisha ndege mahali, unaweza kukaa uwanjani kwa muda wa saa tisa ukitazamana na mizigo yako. Nilikataa za kuunganisha kwa ajili ya magoti ya Mama. Kisha kukawa na suala la kiti. Mimi nilitaka akae kando ya njia, aweze kwenda msalani bila kumrukia mtu. Yeye akataka dirishani. "Nisafiri hewani nikitazama kisogo cha mtu?" Dirisha likashinda.

Nilipopata ndege ya moja kwa moja inayoondoka Alhamisi, bei ikiwa imeteremka, nikajaza jina la Mama na langu. Ilikuwa tiketi ya bei ya chini, ile isiyobadilika. Jamaa wa saiba alichungulia. "Buda, soma hapo chini. Hii ukishabonyeza, tarehe haisongi."

"Haina haja ya kusonga," nikamwambia, na nikabonyeza.

Karatasi za tiketi nilizificha ndani ya kitabu cha nyimbo cha Mama. Sanduku nililileta nyumbani likiwa ndani ya gunia la mkaa, na mpaka leo nikikumbuka najionea haya. Halafu nikakumbuka tundu. Mtu akisimama upande ule wa ukuta aliweza kuona mpaka kwenye kizingiti cha jiko letu, na sanduku lilikuwa pale. Nikachukua leso ya Mama nikaitundika juu ya tundu kwa misumari miwili. Mama alikuwa akinitazama kutoka jikoni. Jioni hiyo hakula.

Tangu siku ile akaanza kujificha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mama Jirani alikuja mara ya kwanza akabisha hodi, Mama akaingia chumbani, mimi nikasema amelala. Akaja mara ya pili baada ya siku tatu, nikasema ana mafua. "Mafua gani haya hata sauti yake siisikii?" akauliza, na akanipa tangawizi iliyofungwa kwenye gazeti. Nilimpelekea Mama tangawizi ile chumbani. Aliishika tu.

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne, siku mbili kabla ya kuondoka. Nilikuwa getini. Safari hii hakuomba kuingia. Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa kichwani, nikadhani anatoka kanisani.

"Mwanangu," akasema, "mwambie mama yako Jumamosi saa nane asikose kwangu. Ni watu wachache tu. Usiniulize ni nini, hilo nitamwambia mwenyewe."

"Sawa, Mama. Nitamwambia."

"Asikose, umesikia?"

"Nimesikia."

Jumamosi saa nane tungekuwa Uturuki. Nilisimama pale getini nikifikiri. Nilimjua mama yangu. Angeusikia ujumbe ule angesema safari isogezwe, na tiketi yangu ilikuwa ile isiyosogea. Nikajiambia kwamba bila shaka ni maombi, au ni siku ya kuzaliwa ya mjukuu, kwamba tukirudi tutapeleka zawadi na kila kitu kitaelezwa kwa kicheko. Nikaingia ndani. Mama akauliza kupitia mlango wa chumba, "Amesema nini?"

"Amekusalimia tu," nikasema.

Sina kisingizio cha maneno hayo mawili. Nimejaribu kukitafuta.

Tulikwenda. Mama alikaa dirishani na hakuinuka hata mara moja, magoti na yote. Efeso ilimfurahisha kuliko nilivyotarajia. Alitembea polepole kwenye ile barabara ya mawe, akishika nguzo moja moja kama mtu anayesalimia wazee, na kila baada ya hatua chache alisema, "Mama Jirani angeiona hii." Alimnunulia mtandio wa rangi ya samawati. Jumapili nikafanya jambo ambalo nilikuwa nimelingoja tangu ujana wangu: nikampiga Mama picha katikati ya magofu, nikaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, mtaa mzima uone kwamba Majuu amefika majuu. Kila baada ya dakika chache nilifungua kuhesabu walioitazama. Saa kumi jioni nikaiona namba ya Mama Jirani kati yao. Hakuandika neno.

Tuliporudi, Mama aliweka mkoba chini na kwenda moja kwa moja uani, mtandio mkononi. Akaondoa leso. Nilimsikia akiita mara mbili, nikamfuata.

Kwenye lile tundu mlikuwa na mabakuli saba, yamepangwa moja ndani ya jingine. Yameoshwa yakang'aa. Yote matupu. Nyuma yake jiko la Mama Jirani lilikuwa wazi, halina hata pazia.

Habari tuliipata kwa mwenye duka. Mama Jirani alikuwa ameuza nyumba. Aliiuza kimyakimya, kama watu wanavyouza nyumba, kwa sababu macho ni mengi. Jumamosi ile aliwaita watu sita awaambie na kuwaaga, wakaomba, na Jumapili jioni lori likabeba vitu kwenda Vihiga. Alikuwa anarudi nyumbani kabisa. Naye alikuwa na safari aliyoificha, na mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia alikuwa mama yangu. Mara tatu alikuja kumwambia.

Mama alipiga simu. Mama Jirani alipokea na kujibu vizuri, tuko salama, tunashukuru, huku mvua ipo. Alipopigiwa tena, mtandao ukawa mbaya. Mama aliamini kwamba kosa ni ile picha. "Nilimficha, naye akanificha," alisema. "Tumelipana." Nami nikaendelea kuuficha ule ujumbe wa Jumamosi. Ningeweza kusema siku hiyo. Ningeweza kusema siku yoyote katika miezi minane iliyofuata, wakati nyumba ya Mama Jirani ilipobomolewa na msingi wa ghorofa ukaanza kuchimbwa, na tundu likaenda pamoja na ukuta. Kila jioni nilikula naye meza moja na sikusema.

Kisha asubuhi moja alitangaza kwamba anaenda Vihiga. Nikajitolea kumkatia tiketi ya basi. "Hii usinikatie," akasema. "Naijua njia ya kukata mwenyewe." Akatoka akaenda nyumba kwa nyumba, kwa mwenye duka, kwa fundi viatu, kwa wale wa saluni, akimwambia kila mtu siku anayoondoka na mahali anapokwenda. Alichukua mtandio, na bakuli moja kati ya yale saba akalijaza njahi, yale maharagwe meusi makavu, na kulifunga kwa kitambaa.

Alirudi baada ya siku tatu, nikampokea getini. Sikuuliza kitu mpaka alipovua viatu.

"Alinikaribisha vizuri," akasema. "Sebuleni. Akaniletea soda kwenye trei, na gilasi, na kitambaa cha kufutia mikono."

Nilielewa. Katika miaka yote ile mama yangu hakuwahi kukaa kwenye sebule ya Mama Jirani. Aliingilia jikoni, akafunua sufuria, akajipakulia. Soda kwenye trei ni ya wageni.

"Aliniambia kiti changu kilikaa wazi Jumamosi ile," Mama akaendelea. "Walichelewa kuanza saa nzima wakiningoja. Akaniuliza kama ulinipa ujumbe."

Nilishindwa kumtazama. Nilitazama miguu yake iliyovimba kwa safari.

"Nikamwambia ulinipa. Nikamwambia nilisahau."

"Mama, kwa nini?"

"Nilipolazwa wewe ukiwa mdogo, ni nani alikulisha miezi miwili? Mimi anaweza kunikasirikia, tumezeeka, tutavumiliana. Sikutaka afe akijua ni wewe."

Akafungua mkoba, akatoa lile bakuli. Halikuwa tupu. Lilikuwa limejaa njugu za kukaanga hadi juu, kitambaa kimefungwa fundo lilelile la Mama Jirani ambalo nililijua tangu utotoni.

"Si zangu," Mama akasema. "Amesema ni za kijana wake."

Nililipokea kwa mikono miwili. Liko juu ya friji mpaka sasa, na sijala hata njugu moja.