Mtafiti Aliyedhaniwa Tapeli

Zuwena Yahya wa Mitwero, pale pembeni mwa mji wa Lindi, alisomea takwimu chuoni, kisha akakaa miaka mitatu akifundisha hesabu kwa kujitolea. Basi taasisi moja ya utafiti ya Dar es Salaam ilipomwita, alimshukuru Mungu. Walitaka kujua kazi ya usalama wa mtandao inachangia nini katika uchumi wa nchi: watu wangapi wanaishi kwa kulinda kompyuta na simu za wengine, na hasara gani inaepukwa kwa kazi yao. Zuwena akapewa Kilwa na Lindi, madodoso arobaini na wiki nne.

Wiki mbili zikapita amejaza matatu tu. Kila alipotaja neno mtandao, nyuso zilibadilika, maana watu walikuwa wamelizwa sana na matapeli wa simu. Pale Kilwa Masoko mwenye duka mmoja alimwambia, "Dada, mwenzako alikuja hivyohivyo, na kishikwambi na tabasamu. Nenda salama." Hata waliokubali kuongea walisema kampuni ya kulinda kompyuta hawajawahi kuiona huku. Zuwena akaanza kuogopa. Mkataba wenyewe ulikuwa wa majaribio.

Siku aliyofika Mitole, karani wa chama cha wakulima wa ufuta hakumjibu hata swali moja. Alimpeleka moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji, Bi Magdalena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Barua yako iko wapi?"

Bi Magdalena aliisoma mpaka kwenye muhuri. Zuwena akamwonyesha namba ya taasisi iliyoandikwa juu ya barua. "Piga hapa, mama, watakuthibitishia."

"Hiyo siipigi. Barua ikiwa ya uongo, na namba yake ni ya uongo. Nitawauliza wa wilayani, kwa namba ninayoijua mimi."

Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Zuwena alikaa kwenye benchi jasho likimtoka ndani ya ushungi, karani amesimama mlangoni kama anayemzuia asikimbie. Baada ya nusu saa wilayani wakapiga wenyewe. Bi Magdalena akasikiliza. "Ahaa. Zuwena Yahya. Ndiyo, mwembamba, ana miwani." Akakata simu, akacheka. "Samahani mwanangu. Unajulikana; wanasema uliripoti kwao."

Zuwena alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Alipokwisha kunywa maji aliyopewa, akauliza, "Mama, nani alikufundisha kutopiga namba ya kwenye barua?"

"Mwalimu Rehani. Anazunguka vijijini na pikipiki yake. Vyama vya wakulima vinamlipa atufundishe na azilinde kompyuta zao. Tangu aje, hapa hajalizwa mtu."

Zuwena akalitazama dodoso lake. Liliuliza habari za kampuni tu; mtu kama Rehani hakuwa na mahali pa kuandikwa. Akampigia msimamizi wake, Ignatius, palepale.

"Tunatafuta ofisi zenye vibao," alimwambia, "na huku kazi hii inafanywa na watu wanaozunguka."

Ignatius akauliza, "Wako wangapi?"

"Sijui. Niruhusu niwatafute."

Kesho yake alimpata Rehani, mtu mzima aliyewahi kuwa fundi simu. Rehani akawataja wenzake wawili, nao wakataja wengine. Na kwa kuwa sasa Zuwena alifika kwa jina la mtu anayeaminika, milango ilifunguka. Huko Rutamba alimkuta Joyce, aliyeianza kazi hii peke yake na sasa ameajiri wasaidizi wawili. Wiki ya nne ilipoisha alikuwa amewaandika watu kumi na saba, na hakuna hata mmoja aliyekuwamo kwenye orodha aliyopewa na taasisi.

Hata hivyo madodoso arobaini hayakutimia. Alituma ripoti akiwa na wasiwasi.

Ignatius alipiga siku ya nne, Zuwena akianika nguo uani. "Watafiti wa mikoa mingine tumewarudisha uwandani wahesabu kama ulivyohesabu wewe. Na mkataba wako tumeuongeza mwaka."

Zuwena akamwomba arudie. Kisha akaketi chini, kwenye mchanga. Mama yake, Bi Hafsa, akatoka mbio.

"Kuna nini?"

"Kheri tupu, mama."

Akabaki pale amenyoosha miguu, nusu ya nguo zingali kwenye beseni, akicheka peke yake.