Pakiti Yenye Jina Lingine

Nilikuwa na hakika nimeuziwa feki. Daktari aliniandikia antibiotiki ya jina moja, na dada anayehudumu kwenye kemisti hapa Makongeni akanipa pakiti yenye jina lingine kabisa. Mimi huuza mishipi ya ngozi katika soko la Kariokor, kwa hivyo ujanja wa lebo naujua. Nikairudisha, nikamfokea mbele ya foleni nzima.

Hakubishana. Akaweka pakiti yangu kando ya ile aliyoandika daktari, akanionyesha maandishi madogo: amoxicillin, zote mbili. "Jina kubwa ni la kampuni; nilikupa ya bei nafuu. Dawa ni ile ile."

"Hayo waambie wajinga," nikasema.

Mzee nyuma yangu akainua koti, akaonyesha mshipi wake. "Kijana, si wewe uliyeniuzia huu, ukaniambia nisijali lebo, ngozi ni ile ile?"