Kompyuta Iliyokuwa Gombani

Ili nifaulu somo la mifumo endeshi ya kompyuta zilizotawanyika, katika shahada yangu ya uzamili, nilitakiwa nimwoneshe mwalimu kompyuta tatu zikifanya kazi kama moja. Mbili niliziweka kwetu Madungu. Ya tatu, iliyokuwa kiongozi, niliiweka kwa dada yangu Gombani. Kanuni ni nyepesi: kiongozi akikaa kimya sekunde chache, wenzake wanamhesabu amekufa na kumchagua mwingine.

Tabu ni kwamba kimya hakikwambii sababu yake. Mtandao ulipokuwa mzito tu, mbili za Madungu zilitangaza msiba. Nikampigia dada.

"Mbona waizika ingali hai?" akacheka. "Taa zake hizi hapa zawaka."

Siku baada ya siku ikawa hivyo: viongozi wawili, kila mmoja anaandika lake, mafaili yanaharibika. Ukikwama hapa usijidharau, wengi tumekwama. Lakini mimi nilitamani kuzitupa zote baharini. Kwa hasira nikaongeza muda wa kusubiri hadi dakika kumi.

Siku ya mtihani mwalimu alitazama kwa video. Katikati ya maelezo yangu kazi ikasimama. Kompyuta zangu mbili zikakaa kwa adabu, zinamsubiri kiongozi. Mwalimu naye akasubiri, mwisho akachoka.

"Zoezi hili utalirudia," akasema.

Nilipokata tu, simu ikalia.

"Mdogo wangu, huku umeme umekatika," alisema dada. "Sasa zika, hii imekufa kweli."