Nguzo Iliyonyamaza

Duka la mama liko chini ya ardhi, Kariakoo, katika jengo la ghorofa sita. Ngazi ya kuingilia ndiyo hiyo hiyo ya kutokea. Anauza vitenge kwa jumla, na meza yake imeegemea nguzo. Mwaka jana niliona ufa kwenye nguzo hiyo.

"Nimeuona kabla yako," mama alisema. "Ni lipu hiyo."

"Na kama siyo?"

"Wewe tangu utoto ni 'na kama siyo'. Haya, kapime, profesa."

Nilikuwa namalizia shahada ya fizikia. Mradi wangu ulihusu utando wa molibdeni na salfa, unene wake atomu tatu tu. Ukiumulika kwa leza ya kijani, unarudisha mwanga mwekundu. Ukivutwa kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, wekundu ule unabadilika, na kifaa kinaonyesha kwa kiasi gani. Tukapatana mbele ya jirani yake, muuza mashuka: utando ukionyesha nguzo inalemewa, mama anahama. Usipoonyesha, mimi nanyamaza.

Niliubandika juu ya ufa, ili ufa ukipanuka uuvute. Kila Jumamosi, kwa miezi miwili, nilishuka na kiboksi changu cha leza.

"Mpime na sukari," jirani alinitania. "Nguzo imenenepa hiyo."

Kule chini kuna feni moja na hewa ya vitambaa vipya. Kila robota lilipotupwa sakafuni juu yetu, nilihesabu hatua kutoka mezani hadi kwenye ngazi. Kumi na tisa. Wekundu haukubadilika hata mara moja. Mama akawa anawaambia wateja, "Mwanangu kapima. Nguzo nzima." Akasaini mkataba mpya wa pango, miaka mitatu.

Jumamosi ya mwisho nilikwenda kuubandua utando. Ukatoka na kipande cha lipu, kipana kama sahani. Nyuma yake palikuwa na uwazi wa kupitisha kidole, kisha zege, na ufa uliokuwa mpana kuliko ule wa nje. Lipu ilikuwa imeachana na nguzo zamani. Haikubeba chochote, kwa hiyo haikuwa na cha kusema.

"Mama, nimekosea. Nilipima lipu."

Alikigeuza kile kipande mkononi. "Si nilikwambia ni lipu?"

Jirani hakucheka.

"Tuhame, mama."

"Nihame na mkataba huu? Niende wapi? Wewe ndiye uliyesema nguzo nzima." Akaivuta meza, ikasogea hatua moja tu, ikagonga marobota. "Kalete utando mwingine. Safari hii bandika kwenye zege."

"Kuutengeneza ni wiki tatu."

"Utanikuta."

Robota likatua juu yetu. Sikuhesabu. Ile hatua moja aliyoisogeza meza ilikuwa upande wa ukutani, mbali na ngazi. Sasa ni ishirini.